Ongeza Saba

Haya nimeyapata kwa wifi yangu, siku tulipokuwa tunamenya vitunguu vya harusi ya mwanawe. Kila akicheka machozi yanamtoka, sijui ni ya vitunguu au ya huyo bwana.

Bwana mwenyewe walimwita Mdomo Mtamu. Nyumba hana, chumba hana. Ana gari jekundu, ndiyo ofisi, ndiyo kitanda. Kazi yake kuuza mizigo iliyokwama kiwanja cha ndege, mizigo ambayo hata ndege zenyewe haziijui.

Siku hiyo akamwona msusi akirudisha wateja kwa kukosa nywele za kusukia. Moyo ukamruka.

"Shikamoo, mama. Nina maboksi ya nywele kiwanja cha ndege. Namba ya mzigo hii hapa."

"Marahaba. Nitajuaje si ya uongo?"

"Hilo ndilo swali! Tarakimu tatu za mwanzo ni za shirika la ndege, ziache. Ya mwisho iweke kando. Za katikati gawa kwa saba. Baki lazima iwe hiyo ya mwisho."

Msusi akagawa kwa penseli nyuma ya kalenda. Ikabaki sifuri, na ya mwisho sifuri.

"Umeona? Namba haidanganyi!"

"Na nikiongeza saba hapo katikati?"

"Baki ni ileile, mama. Saba juu ya saba!" Profesa mzima.

Msusi akashusha pumzi. Akasema fedha hana. Ila shemeji yake kamtumia shehena ya simu kwa ndege, na magoti hayamruhusu kwenda kuitoa. "Chukua namba yangu, mwanangu. Niachie nywele na hilo gari."

Mdomo Mtamu akagawa, akarudia. Sawasawa! Namba alizotunga maishani ni nyingi, hazijui tena kwa sura. Akatoa ufunguo mbio, mama wa watu asije akajirudi.

Ghalani, kiwanja cha ndege, karani akatazama. "Namba imekaa vizuri, kaka. Mzigo ndio haupo."

"Nimegawa mwenyewe!"

"Hata ya tembo nakutungia sasa hivi, na itagawika."

Akampigia msusi. "Mama, umenipa namba gani?"

"Yako, mwanangu. Nimeongeza saba."

Jioni msusi alilala mapema, ufunguo chini ya mto. Mdomo Mtamu, bila kitanda, akajikunja kwenye benchi la abiria.

"Unasafiri au unabaki?" mlinzi akamuuliza.

"Mimi ndiyo baki," akasema, akageukia ukutani, akalala.