Ombi la Kusajiliwa Kuwa Kifaa cha Maabara

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima inayoistahili ofisi yako, na kwa maumivu yanayoustahili umri wangu, nawasilisha malalamiko dhidi ya fuwele ya elementi ya gerimani iliyomo katika kigunduzi chetu cha miale ya gama. Kazi yake sina ugomvi nayo: kila mwale unapoipiga, hutoa mshtuko mdogo wa umeme, nasi tukajua mwale ule ulikuwa na nguvu kiasi gani. Ugomvi wangu ni matunzo.

1. Fuwele hiyo haifanyi kazi mpaka ipozwe kwa nitrojeni ya kimiminika. Mimi ninayeimiminia, ofisini mwangu nina dirisha moja, nalo halifunguki.

2. Mlango wake hufungwa kwa kiganja, kama wa chumba cha mtoto mchanga, maana kishindo huvuruga vipimo. Wangu hupigwa teke na kila abebaye chai.

3. Mwezi uliopita, baada ya kupigwa mno na nyutroni, fuwele ilianza kubabaika katika vipimo vyake. Hakuna aliyeiita mvivu. Iliwekwa kwenye joto la taratibu ipone, nami nikaagizwa niketi kando yake. Wiki hiyohiyo mgongo wangu ulikwama nikiwa nimeinama juu ya mtungi wa nitrojeni. Nikaomba likizo ya wiki mbili. Ulinijibu, watu wa stoo wakisikia: "Mzee wangu, mgongo si kifaa."

4. Nimeipima kauli hiyo na sikuiona kasoro. Kinachotunzwa hapa ni kifaa. Mgongo wangu hautunzwi. Tatizo basi ni la usajili. Naomba niondolewe katika orodha ya watumishi, nibandikwe lebo katikati ya mabega, niwekwe kwenye joto la taratibu, na pawepo mtu wa kunitazama. Ikiwa sharti ni kuwa nusukipitishi kama fuwele hiyo, yaani kitu kisichopitisha umeme mpaka kisukumwe, nimelitimiza: maagizo hayapiti kwangu mpaka nisukumwe.

Wasalimie wahasibu, walinzi na watu wa stoo. Mke wangu, anayenikanda kila jioni, anakusalimu pia. Anasema hicho kipande cha fuwele kingekuwa mwanamke, angejua la kufanya.

Wako mtiifu, nikiwa nimeinama bila hiari,
Fundi Mkuu wa Vigunduzi

Baada ya sahihi: Nikiwa nafunga bahasha, katibu wako ameniletea likizo yangu, imeidhinishwa. Nimeona kuwa fuwele itaachiwa fundi wa zamu ya jioni, yule ambaye jengo zima linamwita Radi, tena si bure. Likizo nairudisha. Mgongo umepona ghafla. Naomba mke wangu ajulishwe na ofisi yako, si na mimi.