Kabureta Yangu Ilivyomtoa Nereida Nje

Jumatatu, 12 Juni

Leo imewaka. Injini ya pampu ya mgongoni, ile ya kupulizia dawa ya mbu, niliyoiokota kwenye chuma chakavu, sasa imefungwa kwenye baiskeli yangu ya Kichina kwa vyuma vya kitanda cha marehemu shangazi. Tangi ni chupa ya soda. Mji wetu wa Placetas umejaa baiskeli za injini, rikimbili kama tunavyoziita, lakini yangu ndiyo pekee iliyoundwa na mtu aliyefika Luanda na jeshi.

Kasoro moja tu: moshi. Nimepita mtaani mara moja, nyuma yangu hakionekani kitu. Bibi Hortensia wa kamati ya mtaa akasikia mlio ule ule wa wapuliza dawa, akaona wingu, akapuliza filimbi. Mtaa mzima nje. Sufuria zikafunikwa, kasuku akatolewa, mzee mwenye nyonga mbovu akatolewa na kiti chake. Kanuni ya dawa ya mbu ni nusu saa bila kurudi ndani. Sikumsahihisha mtu. Mambo ya afya siyaingilii.

Akaja kukaa karibu yangu, ukingoni mwa barabara, Nereida mshonaji, wa nyumba ya mkabala. Miaka yote hii sijapata kwake zaidi ya salamu ya asubuhi. Nusu saa nzima! Akasema Jumapili ni Siku ya Akina Baba, baba yake yuko mji jirani wa Zulueta, hajamwona tangu Januari, na basi limekufa. Nikasema nitampeleka. Akaniambia akitaka kukaushwa kwa moshi kama samaki atanijulisha. Moshi ukiisha kufikia Jumamosi, atapanda. Usipoisha, Arsenio ameshajitolea.

Arsenio ana gari la farasi na masikio marefu kuliko ya farasi. Akasema hata mnyama wake hutoa hewa chafu, ila huwa anaona aibu. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nisionekane nimeumia.

Jumanne, 13 Juni

Nimeitoa plagi. Nyeusi, imelowa, inanuka petroli. Maana yake injini inakunywa kuliko inavyopumua. Ujuzi huu ni wa Luanda, kwenye jenereta za jeshi, pamoja na kitabu kilichochanika nusu.

Nikafungua choki yote, hewa iingie. Moshi. Nikaosha kichungi cha hewa, ambacho ni soksi ya dada yangu. Moshi. Nikashusha sindano ya kabureta kidato kimoja petroli ipungue. Moshi ule ule, na sasa injini inakohoa.

Kila jaribio, filimbi. Bibi Hortensia anasema safari hii watu wa afya wameamua kweli. Jioni Nereida alitoka na birika la kahawa, akanimiminia. Akaniuliza Luanda kukoje. Nikamwambia. Baadhi yalikuwa kweli.

Jumatano, 14 Juni

Ugonjwa nimeupata saa mbili asubuhi. Boya! Ndani ya kabureta kuna boya dogo la shaba linaloelea juu ya petroli. Bakuli likijaa, boya linapanda, linasukuma kisindano, petroli inafungwa. Langu nimelitikisa sikioni, likasikika kama dafu. Limetoboka, limejaa petroli, halielei tena. Hakuna wa kufunga mlango, petroli inaingia tu.

Dawa yake ni kulimwaga petroli na kuziba tundu kwa risasi ya kulehemu. Kazi ya saa moja.

Nikakaa na lile boya mkononi. Nikafikiri. Injini isiyo na moshi haitoi mtu nje. Na leo ni Jumatano tu.

Nikalirudisha boya bovu mahali pake.

Saa kumi na moja, Nereida akiwa ameshaoga na kuchana nywele, nikawasha. Filimbi. Watu nje. Alikaa karibu kuliko jana, nikamsimulia jinsi nilivyotengeneza jenereta gizani kwa uma. Akacheka mpaka akanishika bega. Bibi Hortensia akawasifu wapuliza dawa kwa bidii, ingawa alilalamika hawajisajili kwake. Siku bora ya mwaka.

Alhamisi, 15 Juni

Wapuliza dawa wa kweli wamekuja. Nikailaza rikimbili uvunguni mwa kitanda. Bibi Hortensia akawazuia mlangoni, akawaambia mtaa huu umepulizwa kila siku tangu Jumatatu na mapafu ya watu nayo yana haki. Kiongozi wao akauliza ni kikosi gani. Akajibiwa ni kikosi chenye adabu ya kuja jioni, watu wakiwa wameshaoga. Wakaondoka wanakuna vichwa.

Jioni niliwasha tena. Nereida alikuwa na maswali kuhusu Luanda, lakini Arsenio akaja na mkono wake mbele, kama anauza saa. Juu ya mkono kulikuwa na mbu, mnene, anakunywa. Akamwambia Nereida amtazame vizuri. Mbu gani huyu anayenenepa kwa dawa? Na kwa nini dawa hii inanuka petroli tupu?

Nikasema mbu wa siku hizi ni sugu. Nereida alimtazama mbu, akanitazama mimi.

Ijumaa, 16 Juni

Mchezo umekwisha, sasa kazi. Nimelimwaga boya na kuziba tundu kwa risasi. Nikaongeza risasi kidogo, kwa usalama. Kisha kidogo tena. Nikalirudisha, nikawasha kwa kujiamini.

Moshi mkubwa kuliko wa Jumatatu. Filimbi.

Nereida alitoka, kahawa hana, mikono kifuani. Akauliza kasoro nimeijua tangu lini. Nikasema kabureta ina hulka zake, leo hivi, kesho vile. Akasema maharage yake yameepuliwa motoni kila jioni wiki hii, mpaka sasa yanagonga sufuriani kama kokoto. Akasema pia kwamba baba yake ana miaka themanini, anakaa barazani anatazama barabara, na yeye hana Jumapili za kuchezea. Arsenio anaondoka saa moja asubuhi. Nina mpaka kesho jioni.

Hilo la mzee barazani liliniingia. Sikula vizuri.

Jumamosi, 17 Juni

Ilikuwa uzito. Boya nililoliziba mimi limekuwa zito kama nanga, linazama likiwa zima. Nimekwangua risasi kwa wembe, nikalizamisha kwenye maji ya moto kuangalia mapovu. Hakuna. Nikalijaribu kwenye petroli, likaelea kama bata.

Nikawasha. Mlio mkavu, safi. Plagi rangi ya kahawa ya maziwa. Moshi hakuna.

Nikapita mtaani kifua mbele. Hakuna aliyetoka. Nikarudi, nikapita tena. Kimya. Wiki nzima wamenijali kwa kasoro, leo nimepona hakuna shahidi hata paka. Nikaenda kugonga mlango wa Nereida. Akatoka na kitambaa cheupe, akakiweka nyuma ya bomba la moshi, akahesabu moyoni, akakigeuza: bado cheupe. Akasema saa moja asubuhi. Arsenio, aliyekuwa akimpa farasi maji, alisema atapita njia hiyo hiyo baadaye kidogo, kuokota maiti.

Jumapili, 18 Juni

Tuliondoka saa moja, Nereida nyuma, kikapu mapajani: wali wa maharage meusi na nguruwe wa kuchoma. Injini iliimba. Ndiyo shida yenyewe. Iliimba sana, hatukusikilizana hata neno. Nikaona mashamba ya miwa yanakimbia na Zulueta inakuja upesi mno. Nikajua tukifika hivi, nitakuwa dereva tu.

Karibu na daraja kuna mti wenye kivuli na upepo. Nikafunga bomba la petroli kwa goti, taratibu. Injini ikazima. Nikasikitika kwa sauti.

Tukakaa. Tukaongea. Akanieleza jinsi baba yake alivyomfundisha kushona magunia kabla ya nguo. Ili isionekane nimesimama bure, nikafungua kabureta. Nikiwa namwonyesha boya, kile kisindano kidogo kikaniponyoka. Kweli kabisa. Tulitambaa majanini mpaka Arsenio akatokea. Alivua kofia tu, kama msibani. Nereida akatazama jua, akapanda gari la farasi na kikapu chake.

Nilisukuma mpaka Zulueta. Nilipofika mzee Ubaldo, baba wa Nereida, yuko barazani, ameshiba, ameshika mkono wa binti yake kama mtu anayeogopa ataibiwa. Nikafurahi, ninaapa. Kisha akanionyesha kitu alichokitafuna kwenye wali, akadhani jino lake la mwisho limetoka. Kisindano changu. Kiliangukia kikapuni. Nereida alikuwa amenifunikia sahani ya chakula.

Arsenio alikuwa ameshageuza farasi. Mzee akataka binti arudi kwa gari la farasi. Nereida akasema atarudi na mimi. Nikakirudisha kisindano, injini ikawaka mara moja, na tulifika nyumbani bila kusimama popote.

Mlangoni pake akaniambia Jumapili ijayo anataka kwenda tena. Tuondoke mapema zaidi, akasema, naye atabeba kahawa, maana mashine ikichoka, basi ichoke palepale chini ya mti wa darajani, pana upepo mzuri. Akacheka kidogo, akafunga mlango.

Imeniuma. Baada ya kazi yote hii, bado haiamini kabureta yangu. Kesho naifungua, nainua sindano, napanua njia ya hewa. Jumapili nitamfikisha Zulueta kwa dakika kumi na tano, bila kusimama hata kumeza mate. Hapo ndipo atajua mimi ni nani.