Malalamiko ya Konsuli Asiyekuwapo

Havana, Agosti 1797

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje,
Philadelphia.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe pamoja na mama mkwe wako, ambaye katika barua zako za karibuni umemtaja mara nyingi kuliko ulivyoitaja kazi yangu. Mimi ni mzima, ingawa jambo hilo hapa lina ubishi, kama nitakavyoeleza. Naleta malalamiko yangu kwa unyenyekevu wote, na mwishoni nina ombi moja tu: uniite nyumbani. Nimeyapanga kwa namba, kwa kuwa makarani wako wanasema barua zangu zina hasira nyingi na mpangilio mdogo.

1. Sipo.

Utakumbuka jinsi nilivyokuandikia kwa furaha siku niliyompelekea Gavana Mkuu, Don Baltasar de Urrieta, hati ya Mfalme wa Hispania iliyoamuru nipokewe katika koloni hili kama konsuli wa Marekani. Gavana alisimama. Alivua kofia, akaibusu ile hati, akaiweka juu ya kichwa chake. Mimi, mtoto wa muuza samaki wa chumvi wa Salem, nilitokwa na machozi. Nikakuandikia siku hiyohiyo kwamba nchi yetu changa imeheshimiwa, nawe ukanijibu kwa pongezi. Ambacho sikuwa nimekielewa ni maneno aliyoyasema hati ikiwa bado kichwani: "Naitii, lakini siitekelezi." Kumbe ndiyo desturi yao. Amri ya Mfalme isipowapendeza, huibusu, huiweka kichwani, husema maneno hayo, kisha huifungia kabatini, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Mfalme ametiiwa, Gavana amefanya alivyotaka, na mimi sipo.

Doña Eulogia, mjane mwenye nyumba ninamopanga, alinikuta nikishangilia akanionea huruma. "Don Bernabé," akasema, maana jina langu la Barnabas halimkai mdomoni, "mwenzio kabusu karatasi, hajakubusu wewe. Kaa chini ule."

2. Bendera.

Nilipoipandisha bendera yetu juu ya paa, askari alifika kabla kikombe changu cha chokoleti hakijapoa. Mtu asiyekuwapo hawezi kuwa na bendera. Doña Eulogia akamjibu kutoka uani kwamba ile si bendera, ni nguo aliyoifua. Shauri likapelekwa kwa katibu wa Gavana, Don Cipriano, mtu makini sana, ambaye baada ya kulitafakari wiki nzima alitoa uamuzi: nguo iliyofuliwa inaruhusiwa juu ya paa lolote la Havana, mradi iwe mbichi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi mama huyu huimwagia bendera ya Marekani ndoo ya maji. Ikikauka, nimevunja sheria. Mvua ikinyesha, uhusiano wetu na Hispania huwa mzuri mno. Ushauri wako kwamba nilinde heshima ya bendera kwa hali na mali niliupata, nashukuru. Tafadhali tuma ndoo.

3. Ninapodai sipo, ninapodaiwa nipo.

Pipa la unga kutoka Baltimore likifunguliwa likakutwa na fukusi, naitwa. Baharia wetu akilewa na kumtukana padri, naitwa. Mjumbe huja na maneno haya haya: "Konsuli hakuna, ila Don Cipriano anasema aje haraka." Nikifika nasimamishwa juani, nafokewa kwa niaba ya taifa zima, kuanzia bunge hadi wavuvi. Nikishafokewa nikasema kwamba na mimi nina dogo la kueleza, Don Cipriano hunitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Wewe kama nani?" huniuliza.

4. Nimekatazwa pia kufa.

Nahodha wa merikebu yetu iitwayo Mehitabel alifariki kwa homa ya manjano. Nikaenda kuomba mahali pa kumzika, nikaambiwa makaburi ya hapa ni ya Wakatoliki. Nikauliza sisi wengine tuzikwe wapi. "Kwenu," alijibu Don Cipriano. "Kwani aliitwa huku?" Tulimzika ufukweni, na bahari imekwisha kuja kumdai. Kwa hiyo, Mheshimiwa, siruhusiwi kuwapo, na siruhusiwi kutokuwapo kwa njia waliyoizoea watu wengine.

5. Primus Gardner.

Nahodha alipokufa, Mehitabel ilikamatwa kwa tuhuma za magendo, na mabaharia wanne waliobaki wakatiwa ngomeni. Watatu ni weupe. Hao wana njaa na chawa, na siku moja watatoka. Wa nne ni mpishi wao, Primus Gardner, mtu mweusi, mtu huru, mzaliwa wa Nantucket, mwenye mke na watoto wanaomngoja. Cheti chake cha kuonyesha kwamba ni mtu huru kilipotea merikebu ilipopekuliwa. Mtu mmoja wa mashamba ya miwa amekwisha kuletwa kumtazama meno. Sheria ya hapa, ukiisikiliza, ni ya haki tupu: Primus atahesabiwa huru mara tu konsuli wa nchi yake atakapofika kumshuhudia. Konsuli wa nchi yake hayupo. Basi atauzwa.

Nilikwenda ngomeni. Nilisema namjua, namjua na mkewe, nimekula mkate wa mikono yake. Sajenti wa zamu, ambaye si mtu mbaya, alijikuna kichwa akasema, "Mimi nakuamini, bwana. Ungekuwapo ningekuachia sasa hivi." Primus alitusikia kutoka ndani. "Bwana Thaxter," akaita, "waambie basi wanipe jiko kwanza. Wakiuza mpishi hawajaonja chakula chake watapunjika." Akacheka. Mimi sikuweza. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na aibu ambayo sikujua niiandike kwa namba ipi.

Ningewashutumu Wahispania kwa sauti kubwa zaidi, ila yule mtu wa miwa aliniuliza kwa upole kama kwetu Marekani, kwenye mashamba ya Virginia, mambo huwa tofauti, nikakumbuka kwamba nina shughuli mjini.

6. Majibu yako.

Nilikuandikia habari za Primus. Jibu lilichelewa kwa sababu uliliandika "Kwa Konsuli wa Marekani, Havana," na watu wa posta, kwa kuheshimu sheria, wakasema hawamjui. Lilipofika, nililisoma nimesimama. Ulinishauri niwe na subira. Ulinishauri nisimuudhi Gavana. Kisha ukaniomba, kwa aya nzima, nimtafutie mama mkwe wako jamu ya mapera, ile ngumu inayokatwa kwa kisu, si ile laini. Busara hiyo nimeitafakari sana, hasa sehemu ya kisu.

Naomba sasa tufikiri pamoja kama watu wazima. Serikali imemtuma konsuli asiyekuwapo. Haimlipi mshahara, na ni sawa, kwa kuwa asiyekuwapo hali wala havai. Haijibu maswali yake, na ni sawa, kwa kuwa asiyekuwapo hakuuliza. Kilichobaki ni kuumaliza mpango huu mzuri: niite nyumbani kwa merikebu ya kwanza, na mahali pangu tuma kiti. Kiti hakishikwi na homa ya manjano, wala hakihitaji kaburi. Don Cipriano anaweza kukifokea tangu asubuhi hadi jioni na kisiumwe miguu. Kiti hakitakwenda ngomeni kusikia mtu anayesubiri kuuzwa akifanya mzaha ili kukiliwaza. Nimefikiri sana, na sioni kazi yoyote niliyoifanya hapa ambayo kiti chenye miguu minne kisingeifanya vizuri zaidi.

Wasalimie makarani wote, hata wale wasemao nina hasira. Msalimie bawabu wako, msalimie mama mkwe. Doña Eulogia anakusalimu pia, na anauliza kama huko kwenu wewe upo.

Ni mimi, mtumishi wako mtiifu popote nisipokuwapo,
Barnabas Thaxter.

Nyongeza baada ya sahihi.

Mheshimiwa, tafadhali yapuuze yote ya hapo juu.

Leo asubuhi nilimwomba Doña Eulogia ile bendera. Aliimwagia maji kwanza, tusije tukavunja sheria, akanivisha mabegani, nikaenda kukaa kwenye ngazi za jumba la Gavana. Nikakaa nikichuruzika. Watu wakajaa. Wauza matunda wakahamishia biashara yao hapo. Mchana Gavana mwenyewe akatoka, akaona Marekani nzima inamlowesha ngazi, akapiga kelele: "Mtoeni huyu hapa! Aandikiwe aondoke na takataka zake zote!" Don Cipriano, mtu makini, akayaandika hayo kwa lugha ya adabu: Konsuli wa Marekani, pamoja na watu wake wote na mizigo yake, aondoke katika koloni hili leo kabla mzinga wa jioni haujalia. Gavana akatia sahihi bila kusoma.

Isome tena, Mheshimiwa. Imeandikwa konsuli.

Nilikimbia hadi ngomeni nikidondosha maji njia nzima. Sajenti aliisoma polepole, kidole kikifuata kila neno, halafu akatabasamu hadi jino la mwisho. "Kumbe upo!" akasema. "Na hawa wanne ndio watu wako?" Nikamwambia ndio watu wangu wote, na kwamba Primus Gardner ni mtu huru, nashuhudia mimi, konsuli wa nchi yake. Alifungua mlango kabla sijamaliza sentensi. Nilikuwa nimeiandaa kwa miezi mingi, ilikuwa ndefu na nzuri, lakini sikulalamika.

Sasa naandika gatini, juu ya pipa la unga. Watatu wamekwisha kupanda merikebu iendayo Philadelphia. Primus yumo katika mashua ya mwisho, amenishikia nafasi. Don Cipriano amekuja mwenyewe kuhakikisha naondoka. Basi mbele yake nimesimama, nimevua kofia, nimeibusu amri ya Gavana, nimeiweka kichwani, na nimesema: "Naitii, lakini siitekelezi."

Uso umemgeuka rangi. "Huwezi kufanya hivyo!" amenipigia kelele. "Wewe kama nani?" Doña Eulogia, aliyekuwa amenibebea kapu la safari, akanijibia: "Si umemwandika mwenyewe? Hebu soma, baba, sote tusikie!" Kisha kapu langu akalirudisha kichwani kwake, akashika njia ya nyumbani bila hata kuniuliza.

Gavana atafanya nini, sijui, na sitasema siogopi. Lakini akitaka kunifukuza tena itabidi aniite konsuli tena, na huenda Mfalme akauliza kwa nini anafukuzwa konsuli ambaye yeye aliamuru apokewe. Nadhani ataona heri nisiwepo. Nami sina ubishi tena. Jana imeingia merikebu nyingine ya kwetu, kutoka New London, na mabaharia wake wamekwisha kumtukana padri, kwa hiyo kesho nitaitwa. Usiniite nyumbani. Na kama barua ya kuniita iko njiani, usihangaike kuirudisha. Itakapofika nitaipokea kwa heshima zote. Desturi ya hapa sasa naijua.

Mashua inaingoja barua hii badala yangu. Anayeileta ni Primus mwenyewe, pamoja na jamu ya mapera, ile ngumu. Utakapofika kwenye mstari huu atakuwa amesimama mbele yako. Kile kiti nilichokuomba ukitume Havana, usikitume. Mpe yeye akalie.