Injini ya Bugarama, Hewa ya Kamembe

Jumatatu, 9 Juni 2003

Kazi ni kama nimeipata. Maman Mukantwari, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Bugarama, anatafuta msimamizi wa msimu huu. Pamoja na kazi kuna chumba nyuma ya mashine. Chumba! Tangu Pasaka nalala kwenye kiti cha sebuleni kwa dada yangu Umuhire hapa Kamembe, na shemeji ameanza kukohoa kila anaponipita.

Injini ya Maman inakunywa mazutu, yaani dizeli, kama wageni wa harusi. Nimemwahidi itakunywa nusu. Nimemweleza kuhusu kompyuta niliyoiokoa Bukavu, shirika moja la msaada lilipofunga ofisi. Ndani yake mna programu inayoiga injini: unaipa vipimo, inakuonyesha moto unavyowaka ndani ya silinda, unarekebisha kila kitu bila kuchafua mikono. Maman alinisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza ile injini ya mu ordinateri, ndivyo anavyoiita kompyuta, inakoboa kilo ngapi kwa siku.

Watu wa Bugarama hawajazoea sayansi.

Jumanne, 10 Juni

Nimeshuka Bugarama kupima. Joto la kule si la binadamu. Sweta nilivua njiani.

Vénuste alikuwepo, bahati mbaya. Ni fundi. Anavaa ovaroli ya kiwanda cha simenti ambako hajafanya kazi hata siku moja. Anaweka bisibisi sikioni, ncha yake kwenye injini, anafumba macho. Eti injini inamwambia. Anaitaka kazi yangu na chumba changu.

Antoinette, binti wa Maman, alinishikia tochi. Alinionyesha kibati chembamba chini ya pampu ya mazutu. Hicho ndicho kinachopanga mazutu iingie lini kwenye silinda. Baba yake alikikata mwenyewe kwa mkasi. Baba hayupo tangu mwaka 94. Alilisema hilo kama anavyotaja bei ya mchele. Nikapima unene wa kibati.

Alhamisi, 12 Juni

Umeme umerudi! Programu imeniuliza maswali ya Kifaransa asubuhi nzima. La mwisho: mwinuko kutoka usawa wa bahari, na joto la hewa. Nikatafakari. Kompyuta iko Kamembe. Nikaandika mwinuko wa Kamembe. Joto, digrii kumi na tisa, maana nilikuwa nimevaa sweta. Mtu wa sayansi hadanganyi.

Matokeo ni ya ajabu! Hewa ni nyepesi na baridi, inasema programu, kwa hiyo mazutu iingie mapema zaidi. Yaani kibati kitoke. Mstari mwekundu wa mazutu umeshuka vizuri sana kwenye kioo. Nikamwita shemeji aone. Aliona. Akauliza nahama lini.

Jumamosi, 14 Juni

Kibati nimekitoa. Maman alikuwa sokoni. Antoinette aliisoma karatasi yangu, akakunja uso: digrii kumi na tisa iko ya wapi? Huku hata usiku batu habajaiona. Akauliza kama injini ya mu ordinateri inavaa sweta. Nikamwambia mambo ya hewa aiachie programu.

Ikawaka! Kelele kidogo, lakini kelele za nguvu. Vénuste akaja mbio na bisibisi lake, akasikiliza, akaruka nyuma. Wivu.

Kibati nilikitia mfukoni. Hapa nyumbani kimefaa sana chini ya mguu wa meza ya kompyuta, ule uliokuwa mfupi.

Jumapili, 15 Juni

Redio inasema ng'ambo, upande wa Bukavu, wanagawana viti vya serikali na vita ndiyo vinaisha. Mazutu bei ileile. Nimewaza pazia la chumba changu. Bluu.

Jumatatu, 16 Juni

Siku mbaya. Injini iligonga tangu asubuhi kama mtu aliyefungiwa nje. Kabla ya mchana maji yakachemka, moshi mweusi ukatanda, ikasimama. Magunia ya mpunga yalikuwa yamefika hadi barabarani. Wenyewe wakaanza kuyabeba kwenda kukoboa kwingine.

Nilitegemea Maman apige kelele. Hakupiga. Alisema polepole: "Papa Kabera, bwana yangu aliacha hii injini iko inatembea. Vita ilipita, iko inatembea. Weye ulikuja na karatasi."

Niliona haya. Niliona haya kweli, karibu njia nzima ya kurudi.

Jumatano, 18 Juni

Vénuste amekata kibati kingine kwenye kopo la nyanya. Alikosea, akakosea tena, kisha injini ikakubali. Inakoboa. Inakunywa kama zamani, lakini hakuna anayelisema hilo! Kazi kapewa yeye. Ovaroli yake tayari inaning'inia kwenye chumba changu.

Antoinette alipanda hadi Kamembe kudai kibati cha baba yake. Aliinama akakitoa mwenyewe chini ya meza, akakifuta kwa kitenge chake, akakifunga kwenye leso. Hakuniaga. Meza inayumba tena.

Ijumaa, 20 Juni

Kosa nimeliona! Nimekagua programu upya, namba moja moja. Mwinuko wa Kamembe ni sahihi, nimeuliza hadi ofisi ya mkoa. Digrii kumi na tisa ni sahihi, sweta ninayo mwilini. Programu haina kosa hata moja. Ni injini ndiyo iliyofungwa mahali pasipofaa! Kule chini hewa nzito, joto la tanuri, injini gani ingevumilia?

Ipandishwe Kamembe, kwenye hewa yake. Mpunga utafuata kwa lori. Mazutu ya lori ni hesabu nyingine. Nimemwandikia Maman, na nimemwomba aje na kile kibati, meza inakihitaji.

Mahali pa kuifunga nimeshapata: sebuleni, pale penye kiti ninacholalia. Nimepima, inaenea. Shemeji nitamweleza akimaliza kukohoa.