Projestus, Mshauri wa Kuacha Sigara

Jumatatu, 9 Juni

Nimeteuliwa! Kuanzia leo mie Projestus, mwenye duka la fotokopi hapa Keko, ni Mshauri wa Simu. Zahanati yetu ina wajawazito wanaovuta sigara na wanataka kuacha. Kila mmoja anapewa mshauri wa kujitolea, wa kumpigia na kumtumia meseji mpaka ashinde. Tuko sita. Watano wanawake. Walihitaji kichwa.

Nesi Genoveva, mkuu wa mpango, aliuliza kama kuna mshauri anayevuta. Nikakohoa. Kukohoa si kusema uongo.

Mwisho wa mwezi atachaguliwa Mratibu wa washauri wote. Mwalimu Sekela, mmoja wa wale watano, tayari anatabasamu kama aliyekwisha kuapishwa. Tutaona!

Nimepewa Anastasia, mke wa Albano fundi seremala. Anapiga msasa makabati kwenye karakana ya mumewe. Mimba ya miezi sita, fegi saba kwa siku. Nitamnyoosha kwa wiki moja.

Jumanne, 10 Juni

Nimempigia saa mbili asubuhi nikamsomea hotuba ya madhara ya sigara. Kurasa nne, nimezichapa mwenyewe. Nilipofika dhara la tisa nikasikia randa inakwangua ubao. Kumbe alishaiweka simu mezani akaendelea na kazi! Aliyeipokea ni Albano. Akauliza kama natangaza dawa ya mende.

Baadaye Anastasia akaichukua simu. Akataka kujua kwa nini napumua kama mtu anayevuta kitu. Nikamwambia ni pumu. Nikazima fegi haraka haraka. Nimeunguza cheti cha kuzaliwa cha mteja.

Alhamisi, 12 Juni

Mama aliyepewa Sekela ametimiza siku nne bila sigara. Sekela ametangaza kwenye grupu la WhatsApp, na maua juu. Hana haya!

Nikaja na mbinu. Nilibana pua nikarekodi ujumbe wa sauti: "Mama, ni mie mwanao. Huku ndani moshi umejaa. Natafuta dirisha, silioni." Nikausikiliza mara tatu. Machozi yalinilenga.

Jioni nimepata habari. Anastasia aliuweka kwa spika, karakana nzima ikasikia. Fundi mmoja alicheka akapigilia msumari kidole chake. Sasa Keko nzima wananiita Kichanga. Nilipopita barabarani mmoja akauliza kama nimeshanyonya. Jibu la Anastasia lilikuwa fupi: yeye ni mtu wa Masasi na mumewe ni mtu wa Masasi, hivyo mtoto wao hawezi kuongea kwa lafudhi ya Bukoba.

Watu hawathamini sanaa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeipanga simu itume meseji yenyewe kila nusu saa: "UMEVUTA?" Hadi saa nane mchana zilikuwa zimekwenda kumi na tatu. Ya kumi na nne haikufika. Ameniblock!

Nesi Genoveva kanipigia. Ana upole fulani wa kuogofya. Kasema mama amechoka, anataka kujitoa kwenye mpango. Nikajitetea kwamba hata mvua hainyeshi tone moja. Nesi akaniuliza kama nimemaliza. Kisha akasema nisifanye kitu chochote. Hasa chochote kipya.

Mie si mtu wa kukatazwa.

Jumatatu, 16 Juni

Sheria inasema mshauri haruhusiwi kumfuata mama kazini. Lakini mteja wa kitanda je? Nimevaa kofia na miwani ya jua, nikaenda karakana kwa Albano kuulizia kitanda cha tano kwa sita. Albano akaenda kutafuta futi.  Nikajibanza nyuma ya rundo la mbao nivute moja ya kutuliza roho.

Nyuma ya mbao alikuwepo Anastasia. Ana fegi mkononi, hajaiwasha.

"Kichanga," akasema.

Nikamwambia amenifananisha, mie mteja wa kitanda.

"Sauti ileile. Na hiyo uliyoishika ndiyo pumu?"

Nikamweleza vizuri tu, kwamba hata daktari wa meno anaweza kuwa na meno mabovu. Hakucheka. Alikaa juu ya gogo, mkono kiunoni, akaanza kuongea bila kunitazama. Mwaka juzi alibeba mimba hadi mwezi wa saba. Mtoto akazaliwa, hakulia. Hakuna aliyemwambia kuwa ni fegi. Hakuna aliyemwambia kuwa siyo.

"Madhara yote nayajua, kaka. Nayahesabu nikilala. Ila ikifika saa nne, mafundi wanakunywa chai, wanawasha wote, arosto, ile kiu ya sigara, inanishika kweli. Ni dakika tano tu, kisha inapita. Sitaki mtu wa kunisomea. Nataka mtu wa kunishikia hizo dakika tano."

Hotuba yangu nikaiacha mfukoni. Jambo hili halijawahi kunipata.

Nikamwambia kesho saa nne nitampigia. Akanitazama sana, akatoa simu akaniondolea block. Akaivunja fegi yake vipande viwili akaitupa kwenye vumbi la mbao. Yangu nimeimalizia njiani, isipotee bure.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ya tatu!

Juzi nilipiga saa nne kamili nikakuta sina la kusema. Nikaanza tu na mama mkwe, alivyotoka Muleba na mkungu wa ndizi akaukatia tiketi ya basi, ukakaa siti ya dirishani, yeye akakaa kwenye korido. Nilipomaliza zilikuwa zimepita dakika kumi na mbili. Anastasia akasema mafundi wamesharudi kazini, hata hakuwaona.

Jana nikamweleza nilivyodhulumiwa umonita darasa la tano. Leo kanibipu mwenyewe, saa nne kasorobo.

"Kaka Proje, kwa maneno ya ovyo sijaona mtu kama wewe. Usikate."

Albano naye kawaambia mafundi wakavutie ng'ambo ya barabara. Wamenuna, lakini wamevuka.

Nimeandika kwenye grupu kwamba nimegundua tiba mpya, Tiba ya Maongezi ya Projestus. Sekela kauliza kama inatibu na wasikilizaji.

Jumanne, 24 Juni

Wivu ni ugonjwa. Sekela kaja dukani kutoa fotokopi ya mitihani, akanikuta uani na fegi.  Akapiga picha, akaitupia kwenye grupu!

Nikaandika kwamba ile ni kalamu. Adelina, mshauri mwenzetu, akauliza kalamu gani inatoa moshi. Nikajibu kalamu ikitumika sana hupata moto. Hakuna aliyeniunga mkono.

Nesi Genoveva kaniita. Shikamoo yangu kaiitikia kwa unyonge. Nimesimamishwa. Kuanzia kesho Anastasia anakwenda kwa Sekela, na mie nisimpigie. Nikamwambia wazi kwamba wanaangusha nguzo ya nyumba. Akanifungulia mlango.

Jumatano, 25 Juni

Saa nne. Nina simu mkononi, mteja anangoja fotokopi ya kitambulisho. Nimempigia Anastasia. Inatumika. Nimepiga tena. Inatumika. Mteja akauliza kama nina mgonjwa. Nikajikuta nimejibu ndiyo.

Saa nne na dakika nane simu ikaita. Anastasia. Kasema Mwalimu Sekela alikuwa amefika dhara la nne, yeye akamwomba radhi akakata. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Kasema fegi ya mtu iko juu ya benchi, imeachwa, haijaguswa.

"Ile hadithi ya mbuzi wa padri hukuimaliza."

Nikaimaliza. Nikaongeza na ya mbuzi wa pili, ambaye hakuwahi kuwepo. Mteja alivuta kiti akasikiliza naye. Mwishoni Anastasia akacheka, akasema fegi imechukuliwa na mwenyewe.

Nimevunja amri. Kesho nitaivunja tena. Wanifunge!

Jumatatu, 30 Juni

Mkutano wa zahanati. Nimekwenda bila kualikwa, nimekaa mstari wa mbele.

Mratibu ni Sekela. Nilipiga makofi mara moja tu, kwa makusudi.

Kisha Anastasia akasimama, tumbo mbele. Kasema leo ana siku kumi na nne hajavuta hata moja. Kasema Mwalimu Sekela ni mtu mwema na anajua vitu vingi, lakini aliyemvusha ni yule mwongo wa mstari wa mbele. Ukumbi ukacheka. Nikainuka kuwapungia mkono. Akasema hajamaliza, nikae. Anataka nibaki mshauri wake mpaka ajifungue, kwa sharti moja: na mie niandikishwe kuacha sigara, na mshauri wangu awe yeye. Atanipigia kila siku saa kumi.

Makofi! Nikapinga kwa sauti kubwa kwamba mpango huu ni wa wajawazito. Nesi Genoveva alishaanza kujaza kadi yangu. Penye umri wa mimba akapiga mstari.

Wakati wa kutoka Anastasia kaninong'oneza kwamba ikifika saa nne mtoto anacheza sana tumboni, kama anajua simu inakuja.  Vumbi liliniingia machoni.

Alhamisi, 3 Julai

Siku ya tatu ya kuacha sigara, na nimeshinda kabisa! Sijui watu wanalalamikia nini. Anastasia kapiga saa kumi kauliza kama nimevuta. Nimemwambia kwa kifua mbele kwamba sikumbuki hata sigara inashikwaje.

Mtu aliyeshinda haraka hivi ana wajibu kwa taifa. Nimeanza kuandika kitabu cha mwongozo kwa wajawazito wote wa Temeke. Sura ya kwanza, Mie, imekamilika. Sura ya pili inamweleza adui, ladha yake na hila zake, na mwandishi makini hategemei kumbukumbu. Anafanya utafiti. Moja tu. Labda na ya pili, ya kuhakiki. Sekela atakuja kuomba nimtilie sahihi nakala yake, nami nitamwambia apange foleni.

Mwandiko wa leo ni mbaya kidogo. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una kazi.