Cheni Mpya na Mparachichi wa Mama Mkwe

Leo nimechekwa na akina mama tisa wa kanisa. Wa kumi alikuwa mama mkwe.

Ilianza asubuhi. Mama mkwe alipiga simu kutoka Waithaka: mparachichi wake umeanguka, umeziba geti, na kikundi chake cha maombi kinakuja saa saba. Nikamwambia, "Mama, tulia. Nakuja na pawa so, msumeno wa injini." (Ya kaka yangu. Mimi sijawahi kuishika.)

Cheni yake ilikuwa imeisha meno, kwa hivyo nikapitia mjini, duka la vipuri. Muuzaji akaniuliza, "Unakata mti gani?"

"Mparachichi."

"Huo ni laini. Chukua hii ya kawaida, uwe unainoa tu, utakaa nayo."

Laini? Mimi, mkwe mzima? "Nipe ile ngumu kabisa. Ikate mikalitusi, ikate mipingo, ikate kila kitu!"

Akanipa. "Unajua kuifunga?"

"Najua." (Sikujua.)

Kufika Waithaka, akina mama walikuwa wameshafika. Wamepanga viti nje, wanangoja onyesho. Nikafunga cheni, nikavaa miwani, nikavuta kamba. Ngurumo! Nikaegemea shina kwa nguvu zangu zote.

Moshi.

Nikaegemea tena. Moshi zaidi. Shina halina hata mkwaruzo wa maana. Jasho linaingia machoni, na nyuma yangu vikohozi vya watu wanaojizuia kucheka.

Nikazima mashine. "Mama, huu mti ndani ni mgumu sana. Kama chuma."

"Baba Shiro," mama mkwe akasema taratibu, "huo ni mparachichi."

Hapo ndipo alipoinuka mmoja wao, Mama Mutua, mwalimu mstaafu, mtu wa Ukambani, amelelewa kwa wachonga vinyago. Akainama, akatazama cheni, akanitazama mimi.

"Baba Shiro, haya meno yanakuangalia wewe. Hayaangalii mti."

Nilikuwa nimeifunga kinyumenyume!

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika hadi Adams Arcade, mwendo wa matatu kutoka hapo. Kuna mama mmoja aliteleza kwenye kiti, ikabidi ainuliwe. Mama mkwe alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, lakini mabega yalimsaliti.

Mama Mutua akaomba spana. Akalegeza nati mbili, akageuza cheni, akakaza. Akajifunga leso kiunoni, akavuta kamba mara moja. Mara moja! Cheni ikaingia kwenye mti kama kisu kwenye ugali wa moto. Baada ya muda mfupi geti likafunguka, na akapigiwa vigelegele vitano, kama vya mtoto wa kiume anapozaliwa.

Mimi nilipewa kazi ya kubeba vipande.

Sasa niko mezani, kati ya mama mkwe na Mama Mutua. Kila nikiinua kichwa, mmoja anaanza kucheka upya. Na nimekula sahani mbili za mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa. Kumbe aibu haizibi koo.