Kuhusu Bolti Mlizosema Zisikazwe

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi ya Mashindano ya Kimataifa ya Fizikia kwa Wanafunzi,
Shule iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana yangu.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, ingawa jana ulipotoka kwangu rangi yako haikuwa ya mtu mzima sana. Sisi hatujambo. Mke wangu anakusalimu, na anasema uliisahau kofia yako kwenye benchi langu la kazi. Ipo salama. Nimeitundika juu ya jiriwa la kubania vyuma na itakaa hapo mpaka jambo letu liishe. Usinielewe vibaya, sijaiteka, naitunza tu kwa nia ya kutoirudisha.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu jana tulipozungumza kwa mdomo wewe ulinyoosha kidole na mimi nilikuwa nimeshika nyundo, na watu wazima waliokuwa majirani miaka yote hii hawapaswi kufika huko. Na kwa kuwa barua hii inaweza kusomwa na wajumbe wengine wa kamati ambao hawanifahamu, nitaeleza kisa tangu mwanzo. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mlipopewa heshima ya kuwa wenyeji wa watoto wa mataifa yote hayo, mliniletea mchoro wa fremu ya chuma ya kukaa mezani, yenye fimbo inayoning'inia katikati, mkaniomba nitengeneze za kumtosha kila mtoto kwenye mtihani wa vitendo. Nikatengeneza. Pale fimbo inaposhikana na fremu, mchoro ulisema bolti isikazwe. Nikaikaza. Halafu, ili roho yangu itulie, nikaipiga na weldi. Sasa fimbo hazibembei, mtihani umesogezwa mpaka Alhamisi, na kamati inataka nizifungue zote na nikiri kwamba nimeharibu kazi.

Sikiri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmenidhalilisha kwa kuniagiza kitu kilicholegea. Nenda mtaa mzima uulize. Kitanda nilichomtengenezea mwenye mashine ya kusaga kimelaliwa na ukoo wake wote na hakijawahi kulia. Ngazi ya msikiti, dirisha la zahanati, benchi lile la ofisini kwako unalokalishia wazazi wa watoto watoro, vyote ni mkono wangu, na hakuna kinachocheza. Niliposoma kwamba bolti isikazwe, nilidhani mwenye mchoro ni mtu ambaye hajawahi kuangukiwa na chuma. Nilimwonea huruma. Nikajisemea, hawa walimu wamechoka na wageni, acha niwasitiri. Nilikaza kwa wema, Mwalimu, na weldi niliyoongeza bila kuwatajia ilikuwa zawadi yangu kwa mataifa.

2. Ninyi wenyewe hamkuliona kosa mpaka mlipoambiwa. Mlinzi wenu ana mdomo, na ameshanieleza yote. Ulipofunua fremu ya kwanza mbele ya maprofesa wageni, ukaisukuma fimbo kwa kidole kwa madaha ya mtu anayefungua mlango wa gari la harusi, haikwenda popote. Ukasukuma tena kwa mkono mzima. Mgeni mmoja mwenye ndevu nyeupe akasukuma kwa bega. Mwingine, mama mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, akalala chali chini ya meza akaikagua kwa tochi. Kisha wakaketi, wakajaza ubao. Mlinzi anasema walibishana asubuhi nzima kuhusu ni nguvu gani ya ajabu inayoizuia fimbo isibembee, na yule wa ndevu akasema kwa kupitia mkalimani, "Hili ni swali zuri sana, tuwapongeze wenyeji."

Ukapokea pongezi! Uliinamisha kichwa ukapokea pongezi za weldi yangu, Mwalimu Mkuu, na ni pale tu mkalimani mwenyewe alipouliza kama haijachomelewa tu ndipo mkaanza kunitafuta. Kama wasomi wa dunia walilipenda swali, kwa nini watoto wasipewe? Waandike tu sababu ya fimbo kutobembea. Jibu ni mimi. Mtu akiandika "fundi", mpeni alama zote.

3. Tangazo lenu la ukimya. Mmebandika karatasi kila nguzo kwamba wakati wa mashindano kusiwe na kelele mtaani. Tumetii. Mashine ya kusaga imezimwa. Muuza kanda za mahubiri amefunga spika. Jogoo wa mjane wa pembeni amehamishiwa kwa dada yake, na nasikia huko hali chakula. Mimi nimefunika grenda yangu kwa gunia kama maiti. Sasa mnataka nikate weldi kwenye fremu zote zile, ambazo kazi yake ni ya grenda, na grenda ikilia inasikika mpaka madarasani ambako watoto wanafanya mtihani wa nadharia. Nikate vipi? Kwa kunong'ona? Kamati ikae kwanza ikubaliane na yenyewe.

4. Wageni wenu wanachezea mali yangu. Juzi kundi la wanafunzi kutoka sijui wapi, wamevaa fulana za rangi moja, walisimama nje ya nyumba yangu wakaanza kulisukuma geti. Linafunguka, linarudi. Linafunguka, linarudi. Mmoja anahesabu, mwingine anaandika, wa tatu ameinama anatazama bawaba kama anazisalimia. Nikatoka nimevaa uso wangu wa biashara. Kiongozi wao wa hapa akaniambia wanataka kujua nani alilitengeneza, kwa sababu geti zito kiasi kile linakwenda kwa kidole kimoja na linarudi polepole bila kujigonga. Nikasema ni mimi. Wakapiga makofi, Mwalimu. Barabarani, saa za kazi, watu wananipigia makofi na mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi. Kweli lile geti ni kazi yangu ninayoipenda kuliko zote, bawaba zake nilizisugua kwa tupa mpaka zikawa laini, kwa sababu binti yangu alipokuwa mdogo alikuwa akilipanda na kubembea nalo, na sikutaka limbane vidole. Lakini nawalalamikia, maana tangu siku hiyo kila mpita njia analisukuma, na bawaba zinachakaa.

5. Na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mmeniletea siri nyumbani.

Mlinipa kazi hii kabla binti yangu hajachaguliwa kwenye timu. Alipochaguliwa ulikuja mwenyewe, umevaa kofia hiyohiyo, ukaniambia mtoto asizione fremu hata kwa bahati mbaya, asije mtu akasema wenyeji wameiba mtihani. Nikaapa. Nikanunua turubai nikaizungushia karakana yangu mwenyewe, nikawa nafanya kazi gizani kama mtu anayeghushi kitu.

Wewe umemfundisha darasani, lakini hujui nyumbani anaishi vipi. Yule mtoto tangu anajua kutembea yuko karakanani. Ndiye aliyekuwa akigonga magome ya weldi yakishapoa na kuniambia, "Baba, hapa umeacha tundu." Ndiye pekee duniani ninayemruhusu kuniambia nimeacha tundu. Ulipomwambia kuhusu siri hiyo, aliichukua kwa uaminifu wote aliorithi kwa mama yake. Akawa akipita kwenda bafuni anafumba macho. Si kugeuza shingo, kufumba kabisa, mikono mbele, anapapasa ukuta. Akagonga toroli, akaanguka, nami niko nyuma ya turubai nasikia, na siwezi kutoka kwa sababu nimeshika fremu mkononi. Nikamuuliza kwa sauti kama ameumia. Akajibu, "Sijaona kitu, Baba!"

Mimi nilimuuliza mguu, yeye alinijibu mtihani. Tukaishi hivyo mpaka alipohamia bwenini na timu. Mezani tulikuwa tunaongelea hali ya hewa. Mke wangu alisema, "Wewe na mwanao mmekuwa kama wagombea wa kiti kimoja." Nimeumia, Mwalimu, nasema wazi. Sijawahi kufanya kazi ambayo yule mtoto hakuikagua, na ona basi, ya kwanza ndiyo hii mnayoniambia imeharibika.

Halafu jana, ukiwa umesimama palepale penye toroli, ukaniambia kwamba Alhamisi ikifika fremu hazijawa tayari, mtihani wa vitendo utafutwa na watoto watapimwa kwa karatasi ya nadharia peke yake, na kwamba binti yangu kwenye karatasi ni wa kawaida, lakini kwenye vitendo hakuna anayemfikia. Hiyo si taarifa, hiyo ni kunikaba koo. Yaani niseme mbele ya mtaa kwamba nimeharibu kazi, au mwanangu akose nafasi yake kwa ajili ya bolti? Baba wa namna gani anawekwa kwenye jambo kama hilo na watu aliowatengenezea benchi?

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo. Kamati itoe tamko kwamba fremu zangu ni nzima na kwamba tatizo liko kwenye mtihani. Mtihani ubadilishwe uwe wa vitu vilivyotulia, kwa sababu dunia ina vitu vingi vilivyotulia ambavyo havijawahi kufanyiwa haki na fizikia, mfano kabati. Ikiwa fizikia yenyewe haikubali, basi wageni wa ndevu na miwani, maadamu wako hapa wote pamoja na wanakula bure, waketi waibadilishe. Na kama hilo nalo ni gumu, mashindano yahamishiwe nchi nyingine kabla ya Alhamisi, watoto wachukuliwe na mabegi yao, isipokuwa wangu arudishwe nyumbani akague kazi. Siku nyingine mkitamani kuwa wenyeji wa mataifa, alikeni watoto wa mashindano ya mwandiko mzuri.

Nakuomba unifikishie salamu kwa makamu wako, kwa wapishi wa shule ambao nasikia wameacha kulala, na kwa mlinzi, ila usimwambie kwamba nimemtaja. Msalimu mkalimani, japo ndiye aliyenichoma. Msalimu zaidi yule mama aliyelala chini ya meza, maana tangu nianze kazi hii hakuna mteja aliyewahi kuikagua kutoka upande huo, ambao ndio upande wenyewe.

Ni mimi jirani yako, nisiyelegea,
Fundi wa ng'ambo ya barabara.

Baada ya kutia sahihi: Nilimpa mke wangu barua hii aikague tahajia. Akaisoma yote, akarudi kwenye lalamiko la kwanza, akaenda la nne, akarudi tena la kwanza. Alitoka nje akalisukuma geti kwa kidole kimoja, akaingia jikoni, akaniacha nikilitazama likienda na kurudi mpaka nikashindwa kukaa. Kumbe nilichoagizwa ni geti dogo, Mwalimu. Mngeniambia hivyo tangu mwanzo tusingefika huku.

Weldi zote nimeshazikata. Kwa msumeno wa mkono na tupa, kwa sababu ya tangazo lenu. Mwenye mashine ya kusaga, aliyekuwa hana kazi, alikuja kushika upande wa pili, na mjane wa jogoo akapaka mafuta. Viganja vyetu haviwezi kusalimiana na mtu. Bolti ni mpya na hakuna iliyokazwa. Barua naituma hivyohivyo kwa kuwa nilishaiandika kwa wino na mwandiko umekaa vizuri. Leta gari. Kofia yako iko juu ya fremu ya mbele.

Ila moja imebaki nzito kidogo, inabembea kwa kujivuta, nimeifunga uzi mwekundu. Misumeno imeisha makali. Usimpe mtoto wa mgeni, ni aibu mgeni kupewa kiti kibovu. Mpe binti yangu. Usimwambie kitu. Akiigusa tu atajua ni mkono wa nani, na atajua pa kuutafuta ubovu. Mtihani ukiisha na siri ikiisha, mwambie turubai nimeshalishusha, aje aniambie nimeacha tundu wapi, na apite macho wazi.